Anapewa kifungo cha nje halafu anarudishwa nyumba ile ile

Mhariri,

Hii stori ya wanawake kuwa wakali siku hizi imezidi sasa. Mke akimchoma mumewe kisu ama kumwagia maji moto, kesho yake redio zinafungua laini asubuhi nzima na wanaume wanapiga simu kulalamika. Sawa, hata mimi sipendi mtu aumizwe. Lakini mimi ni mjitolea wa probesheni huku Rift Valley, wale watu wa mtaa wanaomsaidia afisa kufuatilia walio kifungo cha nje, na naona huo mjadala haufiki kabisa pale mambo yanapoharibikia.

Si kila mwanamke aliyepiga mtu hupelekwa Lang'ata, ile jela ya wanawake ya Nairobi. Akishtakiwa kumjeruhi mtu chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kinaweza kukupeleka ndani hadi miaka mitano, hakimu akiona ana watoto wadogo na hajawahi kuwa na kesi anaitisha ripoti ya afisa wa probesheni, kisha anampa probesheni, ambayo kisheria ni kuanzia miezi sita hadi miaka mitatu, ama anampa huduma ya jamii ya ile sheria ya 1998, akafyeke nyasi kwa chifu au aoshe madarasa. Hapo naunga mkono kabisa, maana mama akifungwa ni watoto wanaanza kutangatanga. Shida inaanza jioni akishamaliza kufyeka.

Karatasi yake inamtaka akae kwa amani na awe na tabia njema. Sasa atakaa kwa amani na nani, na mwanaume anayempiga hayuko kwenye hiyo karatasi? Utafiti wa KDHS wa 2022, ule wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, ulipata kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 hapa Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15, na hao ni wanawake wa kawaida tu, hawana kesi na mtu. Hawa ninaowatembelea, ukikaa na mmoja bila haraka, kichapo lazima kitajwe, na mara nyingi kilianza kwao akiwa msichana hata kabla hajaolewa. Kuna mmoja sikio la kushoto halisikii tena, alipigwa sana upande huo, kwa hivyo ukimsemesha anageuza kichwa aweke lile zima, na watu wakawa wanasema ana madharau, hata mtu mwenye mamlaka juu yake akamwandika hivyo kwenye faili.

Halafu kuna mama pima, yule anayeuza chang'aa, pombe kali ya kienyeji, nyumbani kwake. Huyu kesi yake ya kwanza haikuwa ya kupigana, ni chang'aa tu, akashikwa kwenye msako akapewa siku zake za kufyeka akamaliza vizuri. Akarudi kupika, angefanya nini na kodi inadaiwa na mtungi alikopea? Na hiyo baa ni nyumba yake mwenyewe jamani, ni chumba kimoja, watoto wamelala nyuma ya pazia na huku mbele kuna wanaume wanne walevi, mmoja hataki kulipa na mwingine anachungulia pazia. Akichukua mwiko wa kupikia na kumpasua huyo wa pazia, sasa amekuwa mhalifu wa fujo na kila mtu anashangaa hii hasira ametoa wapi. Mimi sishangai. Na wengi wao wanakunywa hicho wanachouza, tusidanganyane.

Sisemi wote ni malaika. Wengine wamepigana juu ya pesa za chama cha akiba ama mke mwenza, na yuko mmoja ni mkorofi tu, ukiuliza majirani wanaanza kucheka kabla hujamaliza jina.

Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok mwaka 2010, na zinasema wazi kwamba mwanamke akipewa adhabu ya nje ya jela iende pamoja na ushauri nasaha kwa waliodhulumiwa nyumbani, matibabu ya akili kwa anayehitaji, na mpango wa watoto. Huku mashinani ushauri nasaha mara nyingi ni "mama uko sawa?" na wengine watano wako kwa benchi wanasikiliza. Atasema yuko sawa.

Ninachoomba si kikubwa. Tuna sheria ya 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani, korti inaweza kutoa amri ya ulinzi na hata kumwambia mwanaume ahame hiyo nyumba. Afisa anapoandika ripoti ya hakimu ameshafika pale, ameona mlango uliovunjwa, mbona asimsaidie kuomba hiyo amri wakati huo huo? Na matembezi yafanywe Jumamosi jioni watu wakishalipwa, sio Jumanne saa nne bwana yuko mjengo na nyumba imenyamaza. Tena kuna mambo ya nauli. Najua mama ambaye kila siku ya kwenda kusaini kwa afisa bwana anamnyang'anya nauli makusudi, akikosa mara kadhaa anaitishiwa warranti ya kukamatwa kwamba amevunja masharti, na bwana analijua hilo vizuri sana. Mwache asaini kwa chifu wa karibu, ni mwendo wa miguu.

Mjitolea wa probesheni,
Rift Valley