Kompyuta ya gemu ihesabiwe wati kabla ya fedha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niongeze jambo ambalo naona husahauliwa kila mara gazeti lenu, wala si lenu peke yake, linapowashauri wasomaji namna ya kuchagua vipuri vya kompyuta mpya ya kuchezea gemu kwa fedha za kubana. Orodha hizo huwa zimepimwa vizuri kwa upande wa kasi: kichakataji (ubongo wa kompyuta) kipi, kadi ya michoro ipi, fremu, yaani picha, ngapi kwa sekunde. Msomaji huifuata orodha, huiunganisha mashine yake mwenyewe kwa bisibisi moja na saa chache za subira, kisha usiku wa kwanza wa kucheza anagundua kwamba pamoja na kasi amenunua ngurumo. Wahenga walisema debe tupu haliachi kutika. Hili hutika likiwa limejaa.

Nami nilipita njia hiyo. Kompyuta ya kwanza niliyojiundia ilikuwa na nguvu za kutosha, lakini ilinilazimu kuvaa hedifoni hata nilipokuwa nasoma tu, na watu wa nyumbani walijua wakiwa chumba cha pili kama niko katikati ya mapambano au nimepumzika. Nilidhani dawa yake ni kununua feni za bei mbaya zinazosifiwa kwa ukimya. Nilizinunua, nikazifunga, na kelele ikapungua kwa kiasi ambacho ni mimi pekee, niliyelipa, niliyeweza kukisikia.

Kosa langu lilikuwa kuanzia mwisho. Umeme wote unaoingia ndani ya kasha la kompyuta hutoka ukiwa joto. Joto hilo huondolewa na hewa, hewa husukumwa na feni, na feni ndiyo inayopiga kelele. Anayechagua vipuri vinavyokula wati 600 amekwisha kuchagua kelele, hata kama hajanunua feni hata moja, na anayechagua vipuri vinavyokula wati 250 amejipatia ukimya kabla hajaulipia. Ndiyo maana nasema mwenye fedha kidogo ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani, kwa kuwa vipuri vya daraja la kati, ambavyo ndivyo anavyovimudu, ndivyo pia visivyochemka.

Inafaa kueleza hesabu ya feni, kwani humo ndimo fedha nyingi hupotelea. Kiasi cha hewa kinachosukumwa na feni hupanda sawasawa na mwendo wake, lakini kelele hupanda kwa kasi kubwa zaidi: kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, feni ikishushwa kutoka mizunguko 2,000 kwa dakika hadi 1,000, sauti yake hupungua kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu upungufu wa desibeli 10 kuwa ni kama sauti imekatwa nusu. Sasa chukua feni mbili za namna moja zinazozunguka kwa nusu ya mwendo badala ya moja inayokimbia kwa mwendo wote. Kama hewa haizuiliwi na kitu, zinasukuma hewa ileile. Ile ya pili inaongeza desibeli 3 tu, hivyo bado umebaki na faida ya desibeli 12. Kwa sababu hiyohiyo feni pana ya milimita 140 inayozunguka polepole hufanya kazi ya ile ya milimita 80 inayolia kama nzi ndani ya chupa. Ukimya, basi, hupatikana kwa nafasi na upana, vitu ambavyo havina gharama kubwa.

Uchaguzi wenyewe, kwa maoni yangu, uanze na skrini, ingawa haimo ndani ya kasha. Skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ina pikseli zipatazo milioni 2. Ile ya 2,560 kwa 1,440 ina karibu milioni 3.7, na ile ya 3,840 kwa 2,160 inapita milioni 8. Kila pikseli ichorwe upya mara 60 au 144 kwa sekunde. Anayenunua skrini kubwa kuliko uwezo wa mfuko wake ameiamuru kadi ya michoro ifanye kazi hadi mara nne, na kadi hiyo itamjibu kwa joto. Kwa bajeti ndogo, skrini ya kwanza inatosha kabisa, na ya pili ni mpaka ambao nisingemshauri mtu auvuke.

Kadi ya michoro ndiyo tanuri la kompyuta ya gemu, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Tofauti kati ya kadi na kadi ni kubwa mno: GeForce RTX 4060 iliyotoka mwaka 2023 imewekewa kikomo cha wati 115, wakati RTX 5090 ya mwaka 2025 imewekewa wati 575, yaani mara tano. Hata ndani ya daraja moja, teknolojia mpya hupunguza ulaji, kwani RTX 3060 ya mwaka 2021 ilikuwa ikila wati 170 huku ikiwa nyuma ya 4060 katika gemu nyingi. Hata hivyo siwezi kuisifu 4060 bila kutaja dosari yake: ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 tu, ambapo ile iliyoitangulia iliuzwa ikiwa na gigabaiti 12, na gemu mpya zenye picha nzito zimeanza kukijaza kiwango hicho cha 8. Anayetaka mashine ya kumfaa miaka kadhaa atazame kadi za gigabaiti 12 au 16 zisizopita wati 200 hivi, kwa mfano RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16, ambayo kikomo chake ni wati 180. Hapo nguvu na utulivu bado vinakaa chumba kimoja.

Jambo ambalo orodha nyingi hazisemi ni kwamba kadi ya jina moja hutengenezwa na kampuni mbalimbali, kila moja ikiweka mapezi yake ya kutawanyia joto na feni zake. Chipu ni ileile, fremu ni zilezile kwa tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho, lakini moja hunong'ona na nyingine hupiga kelele. Ile ya bei ya chini kabisa mara nyingi ndiyo yenye mapezi mafupi na feni ndogo. Kama kuna mahali pa kuongeza fedha kidogo juu ya bei ya chini, ni hapa, maana kadi huwezi kuibadilishia feni kirahisi kama unavyobadilisha za kasha. Kuna pia mlio mwembamba wa koili (nyaya zilizoviringwa ndani ya kadi), unaofanana na sauti ya mbu, ambao hautokani na feni. Huo hutofautiana hata kati ya kadi mbili zilizotoka kiwandani siku moja, na kinga yake ya kwanza ni kununua mahali panapokubali kurudishiwa bidhaa.

Kwenye kichakataji nitakuwa mkali. Kununua Core i9-14900K, chenye kikomo cha wati 253, kwa ajili ya gemu tu, ni kukodi lori kubebea kikapu. Gemu nyingi huridhika na viini 6 vya kisasa, yaani sehemu sita za kichakataji zinazofanya kazi kwa pamoja, navyo vinapatikana kwenye Ryzen 5 7600 iliyopangiwa wati 65, au Core i5-12400F ambayo kwa kawaida hupangiwa wati hizohizo 65 na kupanda hadi 117 inapobanwa. Vyote viwili, vikinunuliwa ndani ya boksi lake, huja na kipoza joto kidogo cha bure. Hicho hufanya kazi yake, ila kwa kukimbia. Kibadilishwe kwa kipoza cha mnara chenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, ambacho ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu katika mashine nzima na ndicho kinachonunua utulivu mwingi zaidi kwa fedha iliyotumika. Vipoza vya maji sivipendekezi kwa mwenye bajeti: vina pampu isiyopumzika hata kompyuta inapokuwa haina kazi, na pampu hiyo huzeeka.

Pawasaplai, kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ndicho kipuri ambacho watu hukipunja, kwa kuwa hakiongezi fremu hata moja. Mpango wa vyeti vya 80 Plus, ulioanza mwaka 2004, humsaidia mnunuzi kujua ni umeme kiasi gani unaopotea njiani. Mashine ikihitaji wati 300, pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 90 huvuta wati 333 na kupoteza 33. Yenye ufanisi wa asilimia 80 huvuta 375 na kupoteza 75, na wati hizo 75 ni joto ambalo feni ya ndani yake lazima ilitoe. Cheti chenyewe hakipimi kelele, jambo ambalo wauzaji hawalisemi, lakini pawasaplai ya wati 650 yenye cheti cha 80 Plus cha daraja la dhahabu ikibebeshwa nusu ya mzigo wake haitakuwa na sababu ya kupiga makelele, na nyingine husimamisha feni kabisa mzigo unapokuwa mdogo.

Mengine nayapita haraka. Kumbukumbu ziwe mbili zinazofanya kazi sambamba, jumla gigabaiti 32 kama mfuko unaruhusu, bila taa, na mnunuzi asisahau kuwasha mpangilio wa kasi ndani ya BIOS (programu ya mipangilio ya ubao mama), la sivyo kumbukumbu ya DDR5 yenye kasi ya 6,000 itaendelea kutembea kwa 4,800 bila mwenyewe kujua. Diski iwe SSD ya NVMe, isiyo na kitu kinachozunguka. Ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, kwa mizunguko 7,200 kwa dakika, hutetemesha kasha mara 120 kila sekunde. Ubao mama uwe wa kawaida, mradi uwe na soketi za kutosha za feni za pini nne, zinazoruhusu mwendo wa feni kupangwa.

Kasha ndilo lililonifundisha. Lile la kwanza nililinunua kwa sababu ya kioo kizuri mbele yake, na kioo hakipitishi hewa. Siku moja, kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu, niliking'oa kioo hicho, na ndani ya dakika chache feni zote zikashuka mwendo. Tangu hapo sinunui kasha lisilo na wavu mbele. Yapo makasha yaliyofungwa kila upande na kupambwa kwa sponji ya kuzuia sauti. Kwa mashine yenye joto la wastani yanaweza kufaa, ila kwa kawaida yanazifanya feni zikimbie zaidi kisha yanajaribu kuzificha.

Mashine ikishakamilika, kuna kazi mbili zisizo na gharama. Ya kwanza ni kuweka kikomo cha fremu: skrini ya mara 60 kwa sekunde haionyeshi fremu ya 61, lakini kadi isiyozuiwa itachora mamia, hata kwenye menyu iliyotulia, na hapo ndipo koili huanza kulia. Kupunguza kikomo cha wati za kadi kwa asilimia 15 nako kwa kawaida hugharimu fremu chache tu. Ya pili ni kupanga mwendo wa feni ndani ya BIOS ili usifuate kila mruko wa joto la kichakataji, ambalo hupanda nyuzi kadhaa kwa sekunde moja na kushuka tena. Sikio huzoea mvumo usiobadilika. Kinacholiudhi ni feni inayopanda na kushuka kama mtu anayekoroma.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa teknolojia unapolinganisha vipuri, pembeni ya fremu kwa sekunde ziwekwe safu mbili zaidi: wati zinazoliwa wakati wa kucheza, na desibeli zilizopimwa wakati huohuo. Na penye desibeli pasikosekane umbali wa kipimo, kwa maana mashine ileile iliyopimwa kwa mita 1 itaonekana tulivu kwa takriban desibeli 6 kuliko ikipimwa kwa sentimita 50, na mchezaji, kwa kawaida, hakai mita moja kutoka kwenye kasha lake.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi