Dafnia si mdudu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu viumbe wa madimbwi ilimwita dafnia mdudu, ilhali yeye ni krasteshia, jamaa ya kamba na kaa, mwenye jozi mbili za vipapasio, ambapo mdudu ana moja tu. Chini ya hadubini, gamba lake angavu huonyesha moyo ukidunda na mayai mgongoni. Majike huzaa bila dume mpaka hali iharibike, ndipo madume huzaliwa na majike hutaga mayai yanayostahimili ukame. Umbo la nje, kwa maoni yangu, ni shahidi dhaifu: banako wanaoganda miambani walihesabiwa kuwa moluska, jamaa ya konokono, hadi mwanaasili John Vaughan Thompson alipoeleza lava (wachanga) wao mwaka 1830 na kuonyesha kuwa nao ni krasteshia.

Msomaji wenu