Mtikisiko wa mashine nao upimwe

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari yenu kuhusu usalama kwenye machimbo ya mawe. Mmetaja vumbi na kofia ngumu; mtikisiko wa mashine za kutoboa miamba hamkuugusa. Jirani yangu hapa Majengo, anayeshika mashine hizo, asubuhi za baridi ya Julai, vidole vyake hugeuka vyeupe kama chaki. Mkewe ndiye humfunga vifungo vya shati.

Si jambo geni. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliyaona hayo kwa wachonga mawe wa Indiana, Marekani. Mtikisiko huharibu mishipa midogo ya damu na neva. Wahandisi wanayo kinga: mishikio yenye springi na mpira. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wapime mtikisiko machimboni, na vijana wapokezane mashine, si mmoja kutwa nzima.

Msomaji wenu,
Moshi