Majina ya walionyongwa Old Moshi yaandikwe mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu Juni mwaka jana, nilipokwenda Prague, Jamhuri ya Cheki, kumwona binti yangu anayesoma huko. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha historia hapa Moshi miaka 31.

Siku ya kwanza tulipanda kwenye ngome. Wanaiita ngome, lakini ni mji mzima juu ya kilima: makasri, bustani, vichochoro, na kanisa kuu la Mtakatifu Vitus lililoanza kujengwa mwaka 1344 likakamilika 1929. Nilionyeshwa chumba ambamo mwaka 1618 Waprotestanti waliwatupa dirishani wawakilishi wawili wa mfalme pamoja na karani wao. Wote watatu walipona. Magoti yalinisumbua ngazini, kwa hiyo mengine niliyapita haraka.

Kesho yake tulivuka daraja la Charles tukaingia kwenye uwanja wa mji mkongwe. Watu walikuwa wamesongamana chini ya saa kubwa ya mwaka 1410, shingo juu. Ilipofika saa kamili, sanamu ya mifupa ikavuta kamba ya kengele, mitume 12 wakapita madirishani, jogoo akawika, umati ukatawanyika. Ndipo binti akanishika mkono: “Mama, angalia unapokanyaga.”

Chini, kwenye mawe ya uwanja, kuna misalaba 27 myeupe. Hapo ndipo Juni 21, 1621 walipouawa viongozi 27 waliomwasi mfalme wao wa ukoo wa Habsburg: mabwana wakubwa, makabaila wa ngazi ya chini na wenyeji wa mjini. Mmoja wao alikuwa daktari na mkuu wa chuo kikuu, Jan Jesenius, aliyekatwa ulimi kwanza. Vichwa 12 vilitundikwa kwenye mnara wa daraja lile lile tulilotoka kulivuka, na vingi vikabaki huko miaka 10. Majina ya wote 27 yako ukutani, kwenye jengo la zamani la halmashauri ya mji. Binti alinisomea jina moja moja, nami nikawa narudia.

Alipomaliza akaniuliza, “Na wa kwetu ni akina nani?”

Mhariri, nilimtajia watatu. Mangi, yaani chifu, Meli wa Moshi, Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho. Nikanyamaza. Wajerumani waliwanyonga watu 19 pale Old Moshi, Machi 2, 1900, viongozi wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, na mimi niliyefundisha somo hilo miaka yote hiyo nilikwama kwenye jina la tatu. Kichwa cha Meli kinaelezwa kupelekwa Ujerumani, na familia yake imekitafuta kwa miaka mingi. Vichwa vya Prague viliteremshwa vikazikwa.

Kumbukumbu ya Meli ipo kule Tsudunyi, Old Moshi, na mti wenyewe wa kunyongea upo. Nawashukuru waliohangaika hadi hapo. Lakini wageni wanaokuja kupanda mlima hulala mjini, alfajiri gari linawachukua kwenda Machame au Marangu, wakishuka wanapelekwa uwanja wa ndege. Ni wachache mno wanaofika Old Moshi. Hata vijana wetu wa mjini ni hivyo hivyo. Jirani yangu, kidato cha tatu, anajua urefu wa Kilimanjaro hadi mita ya mwisho, mita 5,895, ila hajawahi kupelekwa kwenye ule mti, na kutoka kwetu Kiboriloni ni mwendo mfupi wa bodaboda.

Ninachoomba si sanamu ya gharama. Naomba ukuta mmoja karibu na mnara wa saa hapa mjini, mahali ambapo kila mtu hupita, uandikwe majina yote 19, na kila jina lifuatwe na mahali alikotoka. Waongoza watalii wawapitishe wageni hapo kabla ya safari ya mlima. Shule zipeleke wanafunzi kila Machi 2, wayasome kwa sauti.

Nimeshanunua daftari. Nimeanza kwa wazee wa Old Moshi, na mwezi ujao nitakwenda Siha. Wasomaji wa Meru na Arusha ambao babu zao waliwataja waliouawa siku ile, nawaomba sana wayaandike majina hayo sasa na kuyafikisha kwa ofisa utamaduni wa wilaya yao, wakati wanaoyakumbuka bado wapo.

Mwalimu mstaafu,
Kiboriloni, Moshi