Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: hii pesa "ya lands" kwa stetimenti ni ya nini hasa?

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu.

Nakuandikia hapa wazi juu najua hii shida si ya kwetu peke yetu. Mamangu ni mwalimu mstaafu, aliweka hati ya shamba kwa benki akapata mkopo wa laki nane, na alipochukua stetimenti akakuta laini moja imeandikwa LAND REG FEE, shilingi 14,300 zimeenda. Hakuna namba ya shamba, hakuna namba ya risiti, hakuna chochote. Kitu cha kwanza alifikiria ni kwamba kuna mtu anahamisha shamba lake, na simlaumu hata kidogo, nani hajui familia iliyoamka ikaambiwa shamba lenu lina mwenyewe mwingine?

Benki ikamjibu, "hizo ni za lands." Basi, imeisha.

Sasa tuhesabu pamoja. Ukiweka hati rehani, stempu duti ya chaji (chaji ndiyo hiyo rehani ya benki ikiandikwa juu ya shamba) ni asilimia 0.1 ya mkopo, kwa hivyo kwa laki nane ni shilingi 800, na huo ni ushuru, si malipo ya kusajili. (Ile asilimia 4 ya mjini na 2 ya mashambani watu huogopeshana nayo ni ya kuhamisha umiliki, haihusiani na mkopo.) Halafu kuna ada ya sachi, yaani kuangalia rekodi za shamba, kuna ada ya kusajili chaji yenyewe, na kuna wakili aliyeandika hiyo chaji, ambaye pesa yake si ya serikali kabisa. Zote zimerundikwa kwa laini moja zikapewa jina la ofisi yako, na mama anaamini serikali ndiyo imemkata yote. Hiyo si haki kwake, na hata kwako Waziri si haki.

Risiti ya sehemu ya serikali ipo, maanake siku hizi tunalipia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, lakini inabaki kwa akaunti ya aliyelipa, yaani wakili ama karani wa benki. Mwenye shamba ndiye anakatwa na ndiye haoni.

Ninachoomba ni kimoja. Ofisi yako ikipokea pesa yoyote juu ya shamba la mtu, huyo mtu atumiwe esemesi: namba ya shamba, kazi iliyolipiwa, kiasi, namba ya risiti. Waliojisajili Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni, walishatoa kitambulisho na namba ya simu, kwa hivyo kuwafikia si ngumu.

Na nakusihi, usiache siku ya kumaliza mkopo. Hapo ndipo watu wengi hushtuka, deni limeisha halafu unaona umekatwa tena pesa ya ardhi, kumbe ni ya kufuta chaji. Hiyo inafaa kulipwa, lakini mtu ajue pia kama kazi ilifanyika, kwa sababu isipofanyika, kwa sehemu C ya kadi ya kijani, ile rekodi ya shamba iliyo kwa ofisi ya ardhi, benki bado imeandikwa kama inayodai, na watoto wakija kugawana shamba miaka mingi baadaye wanaanza kutafuta barua za mkopo ambao aliyelipa ameshazikwa.

Mama amebakisha kidogo amalize. Tafadhali Mheshimiwa, tujibu hapa hapa wazi, utaratibu huo unaweza kuanza lini?