Kiti cha nyuma hakina breki: barua ya wazi kwa madereva wa magari ya ofisi

Wanangu madereva, wa kiume na wa kike,

Salamu kutoka Morogoro. Nawaandikia ninyi mnaoshika magari yasiyo yenu: ya serikali yenye namba za STK na STL, ya mashirika ya umma yenye SU, ya miradi ya wafadhili yenye DFP, ya halmashauri, ya kampuni za ujenzi na za simu, na ya mashirika yenye antena ndefu kwenye bampa. Mimi nimestaafu. Ninakaa si mbali na Msamvu, pale njia ya Dodoma inapoachana na ya Iringa, kwa hiyo wengi wenu mnanipitia kila wiki na ninawaona mnavyopita.

Sitawaimbia haraka haraka haina baraka. Mmeusikia tangu chekechea na haujamsimamisha mtu. Nataka tuzungumze jambo ambalo kwenye semina za usalama barabarani halisemwi, kwa sababu anayelipia chai ya semina ndiye linayemhusu. Nasema bosi aliyekaa nyuma.

Dereva wa daladala akikimbia, anakimbilia hesabu ya tajiri na mfuko wake. Ninyi mnakimbilia kikao cha mtu mwingine. Kikao ni saa sita mchana Dodoma, mheshimiwa ametoka nyumbani kwake Dar saa kumi na moja na nusu badala ya saa kumi, na dakika alizopoteza akitafuta faili wewe ndiye unayetakiwa kuzilipa kati ya Chalinze na Mikese. Hasemi "kimbia". Anatazama saa, anaguna, anasema "Hivi dereva, hapa tutatoka saa ngapi?" Na wewe mguu unazama wenyewe.

Sasa nisikilizeni. Gari likimgonga mtoto pale Gairo, hati ya mashtaka haitaandikwa Mkurugenzi wa Mipango. Kesi ya kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari huandikwa kwa jina la aliyeshika usukani, na leseni inayofungiwa ni yenye picha yako. Bosi atakuja kutoa maelezo polisi kama shahidi, na wengine katika maelezo yao husema walikuwa wamesinzia.

Kwa hiyo jifunzeni kukataa, na kukataa kuna adabu yake. Usibishane na mkubwa gari likiwa kwenye mia na kumi. Hapo nyote mmechelewa. Mahali pa kuzungumza ni ofisini, jioni ya kuamkia safari. Mfuate na kibali cha safari mkononi umwambie: "Mheshimiwa, kikao cha saa sita tukiondoka saa kumi alfajiri tutafika kwa nafasi. Tukiondoka baada ya hapo, naomba uwapigie watuanzie bila wewe." Sema hivyo mbele ya katibu muhtasi ikiwezekana. Ajali nyingi za magari yetu huanzia kwenye ratiba kabla injini haijawaka, na aliyeipanga ratiba mara nyingi hajawahi kukaa kwenye kiti chako. Mkiwa njiani, ukisukumwa, sema kwa sauti ya chini: "Bosi, hapa ni hamsini." Usiongeze neno. Mimi sijapata kuona mkubwa akijibu sentensi hiyo vizuri, maana jibu lake halipo.

Tena hesabu haimsaidii. Chukua kilomita 100 za barabara nyeupe kabisa, isiyo na kijiji, tuta, mzani wala lori. Barabara hiyo haipo kati ya Dar na Dodoma, lakini tuikubali. Kwa mwendo wa 100 utatumia saa moja. Kwa 120 utatumia dakika 50. Umeokoa dakika kumi, na lori moja la saruji linalopanda kilima litazila zote. Lakini ukigonga kwa 120, nguvu ya mgongano imezidi ile ya 100 kwa karibu nusu yake, kwa sababu mwendo ukiongezeka, nguvu haiongezeki sawasawa nao, inaruka. Na ile hamsini ya Dumila, Gairo na Kibaigwa haikuwekwa ili trafiki wapate faini za elfu thelathini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tofauti hiyo ndogo, ambayo ndani ya kiyoyozi huisikii kabisa, kwa mama anayevuka na ndoo ndiyo maisha yake.

Hapa wa STK niwaseme peke yenu. Namba ile imewaharibu. Mnajua askari mwenye tochi ya kupimia mwendo akiiona atashusha mkono, basi mnapita kwenye kijiji kama mko kwenye msafara wa kitaifa, taa zimewaka mchana, hazadi zinapepesa. Askari anaweza kukusamehe. Punda wa Mbande hasomi namba. Na mkiwa kwenye msafara kweli, wa ziara ya kiongozi, gari la sita halioni linachopita la kwanza. Linaona vumbi na taa za breki. Kaa mbali na wa mbele yako hata ukiachwa. Msafara ukifika na gari pungufu kwa dakika tano hakuna kiongozi atakayefutiwa ziara.

Na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inatoka Dar mpaka Dodoma. Bosi anayekwenda kukaa kwenye kikao siku nzima na kurudi hahitaji shangingi, anahitaji tiketi. Mpendekezee. Najua posho ya safari itakupita, na mtoto ana ada. Lakini kama gari linakwenda kuegeshwa tu nje ya ukumbi, umesafiri bure katika barabara ngumu.

Nije kwenye kuovateki, maana hapo ndipo wanapofia wengi na hapo ndipo ninyi wa magari mepesi yenye nguvu mnapojidanganya. Lori limekutangulia. Dereva wake anawasha indiketa ya kulia: kuna gari linakuja, tulia. Anawasha ya kushoto: kweupe, pita. Lugha hii ni nzuri na madereva wa malori wengi ni waungwana kuliko mnavyowasema. Lakini indiketa ya kushoto vilevile ina maana anataka kuegesha, na ya kulia inaweza kuwa anakata kona kuingia shambani. Isitoshe, yeye amepima upana wa nafasi kwa jicho lake, hajui gari lako limebeba watu saba na magunia mawili ya mchele wa Kilombero juu ya keria. Ishara yake ichukue kama ushauri. Usipite mpaka wewe mwenyewe umeona lami tupu ya kutosha kutoka, kupita na kurudi, bila kumlazimisha anayekuja akupishe. Na usimfuate mwenzako anayepita. Yule wa mbele ameona njia. Wewe umeona kitako cha gari lake.

Usiku ni habari nyingine. Mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku tangu 2023, na baadhi ya ofisi zikadhani nazo zimeruhusiwa. Basi la masafa marefu linatakiwa kuwa na dereva wa pili. Wewe uko peke yako, na umeamka saa tisa usiku kuosha gari. Wataalamu wa usingizi walipima: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake unakuwa kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hujaonja hata togwa, lakini unaendesha kama mlevi. Usingizi una saa zake mbili za kukamata, kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri, na tena saa nane hadi saa kumi mchana baada ya ugali. Ukijikuta hukumbuki kijiji ulichokipita, usifungue dirisha, usiongeze redio, wala usinunue kikopo cha kinywaji cha nguvu. Egesha mahali salama, laza kiti, lala dakika ishirini. Mheshimiwa asome magazeti.

Na kuna aibu moja ninaitaja waziwazi: mkubwa analala hotelini na dereva analala garini ili posho ibaki. Nyumbani fedha inahitajika, sikatai. Lakini dereva aliyejikunja kwenye kiti usiku kucha, akiumwa na mbu, kesho yake amebeba roho za watu mlima Kitonga. Posho ya kulala imetolewa ili ulale. Nyumba za wageni za bei ndogo ziko kila mji.

Kitonga yenyewe wengi mnaijua, lakini vijana wa gia otomatiki mnaisahau kanuni yake. Telemka na gia nzito, ile ile ambayo ungepandia. Gari lina alama ya L au namba pembeni ya D, haikuwekwa kwa urembo. Ukikanyaga breki mfululizo zinachemka, na breki iliyochemka pedali inazama bila kitu. Anayeweka nyutro kuokoa mafuta huyo sina la kumwambia.

Matairi. Ubavuni mwa tairi mna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2317, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017, hata kama duka limekuambia jipya na vinyweleo bado vinaonekana. Mpira huzeeka ukiwa stoo. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, na spea pia, maana spea isiyo na upepo ni mzigo tu. Likipasuka ukiwa kwenye mwendo, kishawishi ni kukanyaga breki. Usikanyage. Shika usukani kwa nguvu, toa mguu taratibu, liache gari lipungue lenyewe ndipo utoke pembeni. Kwenye barabara ya changarawe, na mzigo juu ya keria, breki ya ghafla ndiyo inayolipindua.

Hitilafu yoyote iandike. Iwe gari linatengenezwa TEMESA, wakala wa ufundi wa serikali, au gereji ya mkataba, jaza fomu na ubaki na nakala. Kumwambia afisa usafirishaji kwenye korido kwamba "breki zinavuta upande" hakuna ushahidi, na trafiki akikuta tairi kipara anayeulizwa kwanza ni wewe.

Mikanda, wote, hata wa nyuma. Kwenye zile hardtop za viti vya kutazamana, abiria hukaa ubavu kama wako kwenye benchi la kliniki, na katikati kuna jiko la gesi, madebe na kreti za soda. Gari likisimama ghafla, kreti inaendelea na safari. Funga mizigo au ihamishie nyuma ya wavu. Gari haliondoki mpaka mkanda wa mwisho umelia, na hilo ni lako kuamua hata kama wa nyuma ni balozi.

Simu sitaisema sana, mnajua. Niongeze moja tu: nusu ya simu mnazopokea njiani zinatoka ofisini, "umefika wapi?" Anayepiga ndiye aliyesaini sera ya kukataza simu. Kwa mwendo wa 80, kusoma ujumbe kwa sekunde tatu ni zaidi ya mita 60 bila macho. Mpe simu aliyekaa kushoto, yeye ajibu.

Mkirudi tupu, vichwa vya njiani vinavutia. Elfu kumi Dumila, elfu kumi Magole. Gari la ofisi halina bima ya abiria wa kulipa. Likianguka, bima itatafuta mlango wa kutokea, na hata WCF, ambao hulipa fidia ya ajali iliyompata mfanyakazi akiwa kazini, utauliza ulikuwa kazi gani. Mgonjwa au mama mjamzito, hapo piga simu ofisini, pata ruhusa, andika kwenye logibuku jina na muda. Sijasema muwe na mioyo ya mawe.

Gari likiharibika, vunjeni matawi kama desturi na muweke mbali ya kutosha, mbele na nyuma, pamoja na pembetatu. Ila mkishatengeneza, yaondoeni, na mawe mliyozuia magurudumu yaondoeni. Anayeyakuta usiku ni wa pikipiki.

Kwenu mabosi, kama barua hii imewafikia: mnapomfanyia dereva tathmini, msihesabu nani alifika mapema. Waulizeni abiria waliweza kulala kwenye gari la nani. Na jioni, kikao kimekwisha na vinywaji vimepita, bosi akisema "nipe funguo niende mwenyewe", dereva asitoe bila maandishi ya afisa usafirishaji. Ampeleke mpaka mlangoni, alirudishe gari kambini, asaini kilomita na saa, ndipo aende zake.

Ni mimi mzee wenu,
dereva mstaafu, Morogoro