Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: Madaftari ya shambani

Ndugu wanachama, watafiti wa kilimo mlio kazini na wazee wenzangu mliokwisha kustaafu,

Nawasalimu nyote, na nawashukuru mliosafiri tangu juzi ili kuwahi mkutano huu.

Majina ya wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu tumeyasoma tukiwa tumesimama. Mmoja alikuwa mzalishaji wa mbegu za pamba, mmoja mpimaji wa udongo, na wa tatu fundi sanifu wa shamba aliyefanya kazi na mikorosho karibu maisha yake yote. Nilipokwenda kuwapa pole wafiwa wa huyo wa tatu, mjane wake aliniingiza chumbani akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na madaftari ya shambani kumi na manne. Mchwa walikuwa wameshaanza kupanda kutoka sakafuni, na daftari la chini kabisa lilikuwa limebaki jalada na vumbi. Akaniuliza, "Haya ni ya serikali au ni yetu? Nimeogopa kuyachoma." Nilimshukuru Mungu kwa woga wake.

Kwa hiyo, kamati iliyokuwa imepanga mwaka huu kushughulikia semina na vitambulisho vya wanachama, kazi yake kubwa imegeuka kuwa kukusanya madaftari. Naomba mniruhusu nieleze kwa nini.

Vijana wetu wanaoingiza takwimu kwenye simu pale pale shambani huenda hawajayaona. Ni daftari la jalada gumu, linaloandikwa kwa penseli kwa sababu wino ukipata mvua unatambaa. Kila ukurasa una namba ya kitalu, mstari, mti, tarehe. Pembeni kuna maneno machache ambayo hayaingii kwenye taarifa yoyote ya ofisini: "mti wa 7 umevunjwa na ng'ombe", "maua yamechelewa wiki mbili", "mwenye shamba jirani anasema mti huu hauugui". Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mara nyingi mbegu iliyokuja kusambazwa nchi nzima ilianzia kwenye mstari kama huo.

Chukueni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000. Msimu wa 1986/87 tulikuwa chini ya tani 20,000. Sababu hazikuwa moja, na si haki kuusingizia ugonjwa peke yake: watu walihamishiwa vijijini wakayaacha mashamba yao mbali, bei ilikuwa ndogo, na pori likamea chini ya miti. Lakini ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970, hata mkulima aliyepalilia hakupata kitu. Ua lilivikwa unga mweupe wa kijivu, likanyauka kabla ya kufunguka. Nakumbuka kusimama chini ya mkorosho mkubwa Newala, umejaa maua yaliyokauka kama majivu, na mzee mwenye shamba akiwa kimya kabisa. Hakutuuliza kitu, na sisi hatukuwa na la kumwambia.

Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, waliingia kazini kwa jambo ambalo leo linaonekana dogo: kujua ugonjwa unaanza lini kwenye ua, unatokea wapi, na sulfa ya unga ipulizwe saa ngapi. Jibu lilikuwa alfajiri, kabla upepo haujaamka na umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Ili kulipata jibu hilo watu walilala shambani misimu kadhaa. Na sulfa ilipoanza kuleta mavuno, watafiti wale wale hawakukaa kushangilia. Walipima udongo chini ya miti iliyopuliziwa, wakaonya kuwa udongo wa kichanga wa kusini unazidi kuwa na tindikali, wakaanza kujaribu dawa za maji na miti yenye ustahimilivu wake yenyewe. Hiyo ndiyo sifa ya mtafiti ninayotaka vijana waione: kuikagua dawa uliyoipigania mwenyewe.

Upande wa mbegu kazi ilikuwa ya polepole zaidi. Unalikata dume la ua kwa kibanio kidogo kabla halijapasuka, unalifunika ua, kesho yake asubuhi unalichavusha kwa mkono, na katika maua mengi unapata korosho chache. Unazipanda, unasubiri miaka, unachagua, unachukua vikonyo vya mti uliochaguliwa na kuvibebesha kwenye miche, unasubiri tena. Marehemu wetu alikuwa bingwa wa kubebesha. Alikata kikonyo kwa mikato miwili tu kama mtu anayechonga penseli, akakichomeka kwenye mpasuko wa mche, akakaza kwa ukanda wa nailoni, akahamia mche wa pili kabla sisi hatujamaliza kufuta kisu. Kuanzia 1996 Naliendele imetoa aina zaidi ya 50 za mikorosho, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Sisemi tani hizo ni zetu. Ni za wakulima, ni za bei nzuri ya mnadani, ni za pembejeo zilizofika kwa wakati. Ila pasipo mikono ile, pembejeo zingepulizwa kwenye miti isiyojibu.

Jina la fundi yule halimo kwenye chapisho lolote. Limo kwenye madaftari yake yaliyosalia.

Mwezi wa saba wanachama kadhaa tulikwenda Amani, juu ya Muheza, mkoani Tanga. Safari ile nimeulizwa na baadhi yenu kama ilikuwa ya lazima, na jibu langu ni ndiyo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale 1902, na baadaye, wakati wa Waingereza, ndipo watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walipokaa na tatizo la muhogo kuanzia miaka ya 1930. Batobato, ugonjwa wa kwanza wa muhogo, ilikuwa imeshaandikwa kutoka Usambara tangu 1894. Storey naye mwaka 1936 akaueleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao ni mjanja zaidi kwa sababu majani yanaweza kukudanganya. Shamba linapendeza, unachimba, unakata muhogo kwa kisu, na ndani unakuta mabaka makavu ya kahawia. Hapo ndipo mama anapojua kuwa nyumba haina chakula.

Kwenye muhogo wenyewe ustahimilivu ulikuwa mdogo, basi wakauchanganya na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará, halafu wakaurudisha kwenye muhogo kizazi baada ya kizazi ili mizizi iwe chakula na si kamba. Kazi hiyo ilikwenda hadi miaka ya 1950, ikafungwa. Mbegu za machotara zilikuwa zimeshatumwa Ibadan, Nigeria. Huko zikazaa mmea uliopewa namba 58308, na kwa huo wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Kitropiki, IITA, wakatengeneza aina zinazoanza na herufi TMS. Batobato kali ilipoiangusha mihogo ya Uganda, moja ya aina zilizokwenda kuiokoa ilikuwa TMS 30572, ambayo Waganda waliiita Migyera. Mjukuu wa Amani alirudi Afrika Mashariki kwa kuzungukia Nigeria.

Kisa cha pili cha Amani kinanigusa zaidi. Mmea mmoja wa Amani, namba 46106/27, ulibaki mikononi mwa wakulima wa pwani baada ya kituo kufunga kazi hiyo. Kenya wakauita Kaleso. Kwetu kuna muhogo uitwao Namikonga, unaosifika kwa kuivumilia michirizi ya kahawia kuliko karibu mihogo mingine yote. Watafiti walipokuja kupima vinasaba walikuta Kaleso na Namikonga ni kitu kimoja. Yaani serikali iliacha, wakulima wakashika. Walikata vijiti vyake kila msimu, wakapeana kwa mashemeji na majirani, bila namba wala lebo. Na tuliweza kuitambua asili yake kwa sababu tu mtu fulani Amani aliandika vizuri alichanganya nini na nini.

Nimekaa sana hapo, nitapita haraka kwingine. Wenzetu wa Ukiriguru wameomba niwakumbushe wanachama kwamba UK katika majina ya mbegu za pamba UK 77, UK 91 na UKM08 si Uingereza, ni Ukiriguru, Mwanza, na kwamba pamba yenye majani ya vinyweleo iliyowashinda wadudu waitwao chawajani ilichaguliwa pale. Wa mpunga wanaomba tusisahau kuwa Saro 5 inayopigiwa kelele sokoni ina jina la shambani, TXD 306, na D hiyo ni Dakawa, Morogoro. Naungana nao. Mkulima kuijua mbegu kwa jina la kituo ni heshima tosha kwetu, ila kituo nacho kiwajue watu wake.

Sasa lawama, kwa sababu taarifa isiyo na lawama haijakamilika. Wengi wetu tumepitia TARO, shirika la utafiti wa kilimo la miaka ya 1980, kisha idara ndani ya wizara, na sasa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa kwa Sheria Namba 10 ya 2016. Kila muundo ulipobadilika, makabati yalihamishwa. Kuna kituo kimoja, sitakitaja, ambako niliambiwa kumbukumbu za majaribio ya miaka ishirini zilitolewa nje ili chumba kipate kompyuta, zikanyeshewa wiki nzima, kisha zikazikwa shimoni. Mtunza stoo aliyenisimulia alilia. Hakukuwa na nia mbaya ya mtu yeyote. Hakuna aliyeulizwa, basi. Nilikaa usiku ule nikihesabu ni majaribio gani yatarudiwa kwa fedha za umma na vijana wasiojua kuwa yalishafanywa, nikaacha kuhesabu.

Tulichofanya hadi leo: tumepokea madaftari kutoka kwa familia tisa na wanachama kumi na mmoja. Vijana wetu wawili wanayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, kwa mwanga wa dirishani, Jumamosi, bila malipo. Naomba wasimame tuwaone. Madaftari yenyewe yanarudi kwa familia zinazoyataka, yaliyobaki yanakabidhiwa maktaba ya kituo husika kwa hati ya makabidhiano yenye saini mbili. Vituo vitatu vimekubali. Vingine tunaendelea kubisha hodi.

Kuhusu fedha, mweka hazina amewagawia karatasi, isomeni. Nitasema tu kwamba ada zilizochelewa zimetufanya tukodi kipiga picha badala ya kununua, na kwamba anayedaiwa anajijua. Kuhusu uchaguzi, muda wangu unaisha mwakani na sitagombea tena.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama aliyestaafu aje na madaftari yake mkutano ujao, hata yale anayoyaonea haya kwa mwandiko au kwa jaribio lililoshindwa. Lililoshindwa ndilo linalotufaa zaidi. Pili, kila kijana aliye kazini apangiwe mzee mmoja, akae naye walau siku mbili shambani huku daftari likiwa wazi kati yao, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshindwa kusoma vifupisho vyangu vya 1988.

Mwisho, pale mezani karibu na mlango kuna daftari la kijani lisilo na jina. Lilikutwa kwenye sanduku la marehemu, lakini mwandiko si wake. Umelalia kushoto, na saba zake zina mkia. Ni la majaribio ya miche iliyobebeshwa, msimu wa 1991, na ukurasa wa mwisho kuna mti uliozungushiwa duara mara mbili pasipo maelezo. Tafadhali piteni mliangalie kabla ya chakula cha mchana. Anayeutambua mwandiko aniambie, na anayeujua mti huo uliko anipeleke.

Mwenyekiti wenu.